Kwa nini seli za retina humwaga kemikali gizani na kuipunguza mwanga unapoingia

Mwalimu wa Biolojia anayefundisha kidato cha sita ameuliza: "Tulipokuwa tukisoma jicho, wanafunzi wangu walinibana. Kitabu kinasema kwamba seli zinazopokea mwanga humwaga kemikali gizani, na mwanga ukiingia huipunguza. Lakini tumewafundisha kwamba neva hufanya kazi kwa kusisimuliwa: kichocheo kinakuja, neva inapiga mpigo wa umeme, kemikali inamwagwa. Ikiwa mwanga unazinyamazisha seli hizi, habari ya mwanga inafikaje kwenye ubongo? Na kama ni kweli kwamba hazipigi mipigo kabisa, zinapashana habari kwa njia gani?"

Mwalimu, kitabu kiko sahihi, na wanafunzi wako nao wana haki ya kukibishia. Kinachowatatiza ni dhana ambayo wengi wetu tuliibeba kutoka katika somo la neva na misuli, kwamba kemikali ikimwagwa katika sinapsi, yaani mahali seli moja ya neva inapokutana na nyingine, maana yake ni "kuna jambo", na isipomwagwa maana yake ni "hakuna". Kwenye msuli wa paja dhana hiyo inatosha. Kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haitoshi hata kidogo, kwa sababu huko maana ya ujumbe huamuliwa na seli inayoupokea wala si na seli inayoutuma, na kinachobeba ujumbe ni kupanda na kushuka kwa kiwango cha kemikali, si kuwepo kwake. Mtu akishalishika hilo, mengi yanafuata yenyewe, ingawa yapo machache yatakayomshangaza tena.

Nitaanza na mpangilio kwa ufupi, maana wanafunzi wameshauona kwenye michoro. Retina ina unene wa kama robo ya milimita, lakini ndani ya robo hiyo mna matabaka matatu ya seli za neva, na katikati yake matabaka mawili ya sinapsi ambamo seli hizo hupashana habari. Tabaka la nyuma kabisa, ambalo mwanga hulifikia mwisho baada ya kupenya mengine, lina seli fimbo zinazotumika katika mwanga hafifu, na seli koni zinazotumika mchana na katika kutofautisha rangi. Katika jicho la binadamu fimbo ni kama milioni 100, na koni ni kama milioni 5 au 6. Tabaka la kati lina seli za bipola, ambazo huchukua habari kutoka nyuma na kuipeleka mbele, pamoja na seli za mlalo na seli za amakrini, ambazo huisambaza kwa upande. Tabaka la mbele lina seli za ganglioni, zipatazo milioni 1 tu, na nyuzi zake ndizo zinazokusanyika kuwa neva ya macho iendayo kwenye ubongo. Mwanasayansi wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, alichapisha michoro ya mpangilio huu mwaka 1893, kwa usahihi ambao vitabu vya leo bado vinauiga. Hata hivyo mchoro hauonyeshi nani anamwambia nani nini, na hilo lilihitaji zaidi ya nusu karne nyingine.

Seli ya neva ya kawaida ikiwa imetulia, upande wake wa ndani huwa na volteji ya karibu milivolti −70 ukilinganishwa na nje. Fimbo iliyo gizani haiko hivyo; volteji yake ni karibu milivolti −40, kiwango ambacho katika seli nyingine tungesema imesisimka. Sababu ni milango ya ioni iliyo kwenye utando wa sehemu yake ya nje, ambayo hushikiliwa wazi na molekuli ndogo iitwayo cGMP. Gizani cGMP ni nyingi, milango iko wazi, na ioni za sodiamu pamoja na za kalisi zinaingia mfululizo. Mkondo huu huitwa mkondo wa giza, na kuuendesha ni gharama kubwa, kwa kuwa seli hulazimika kutumia nishati muda wote ili kuzisukuma ioni hizo zitoke tena. Ndiyo maana fimbo hutumia nishati nyingi zaidi gizani kuliko kwenye mwanga mkali. Volteji ikiwa juu kiasi hicho, milango mingine ya kalisi, iliyo kwenye ncha ya pili ya seli inayokutana na seli za bipola, nayo hubaki wazi, na kalisi inayoingia hapo ndiyo inayovifanya vifuko vya glutamati, ile kemikali ya swali lako, vimwage yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo fimbo iliyo gizani humwaga glutamati bila kupumzika, na koni nayo hufanya vivyo hivyo.

Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikinaswa na rodopsini, protini ya fimbo inayonasa mwanga, kipande cha retinali kilicho ndani ya protini hiyo, ambacho mwili hukitengeneza kutokana na vitamini A, hubadilika umbo: kilikuwa kimepinda, kinanyooka. Rodopsini iliyobadilishwa hivyo huziamsha molekuli nyingi za protini iitwayo transdusini, nazo huamsha kimeng'enya kinachoivunja cGMP. cGMP ikipungua milango inafungwa, ioni chanya haziingii tena kwa wingi, na volteji inashuka kutoka −40 kuelekea −65 au −70. Kwenye ncha ya pili milango ya kalisi nayo inafungwa, na umwagaji wa glutamati unapungua kwa kadiri ya wingi wa mwanga. Ukuzaji unaofanyika katika hatua hizi ni mkubwa mno. Mwaka 1979 Denis Baylor, Trevor Lamb na King-Wai Yau waliifyonza fimbo moja ya chura ndani ya ncha ya mrija mwembamba wa kioo na kupima mkondo wake. Fotoni moja ilitosha kuupunguza mkondo wa giza kwa asilimia chache, kiasi kinachopimika waziwazi. Zaidi ya miaka 30 kabla yao, mwaka 1942, Selig Hecht na wenzake wawili walikuwa wamekwisha kukadiria, kwa kuwapima watu waliozoeshwa giza, kwamba fotoni 5 hadi 14 zikinaswa na fimbo zinatosha mtu kusema ameona mmweko.

Mwanafunzi akiuliza jinsi upungufu unavyoweza kuwa habari, mwambie afikirie jenereta ya jirani inayonguruma usiku kucha: hakuna anayeijali mpaka inapozimika, na hapo nyumba nzima inajua. Lakini usimwache aondoke na wazo kwamba jicho lolote lazima liwe hivi. Kwa nzi, na kwa mnyama wa baharini aitwaye Limulus, ambaye Haldan Keffer Hartline alimfanyia utafiti kwa miaka mingi, seli zinazopokea mwanga hupandisha volteji mwanga unapoingia, kama wanafunzi wako walivyotarajia. Maelezo ya kwa nini wanyama wenye uti wa mgongo walishika njia ya kinyume yapo mengi, na mengi ya hayo, kwa maoni yangu, yametungwa baada ya jibu kujulikana. Mimi huona inatosha kusema kwamba ndivyo tulivyorithi, kisha tukaendelea na kile kinachoweza kupimwa.

Sasa nije kwenye swali la pili, la mipigo. Mwaka 1965 Tsuneo Tomita wa Japani alifanikiwa kuingiza elektrodi ndani ya koni moja moja za samaki aina ya kapu, akaona kwamba mwanga huishusha volteji taratibu, kwa kina kinacholingana na nguvu ya mwanga, wala hakuna mpigo wowote. Kazi iliyoweka mambo wazi zaidi ilitoka Marekani mwaka 1969, pale Frank Werblin na John Dowling walipomtumia salamanda wa majini aitwaye Necturus, ambaye seli zake za retina ni kubwa kuliko za wanyama wengi. Walipima seli moja baada ya nyingine kwa elektrodi iliyojazwa rangi, kisha wakaidunga seli hiyo rangi ili baadaye waitambue kwa hadubini ni ya aina gani. Matokeo yao ni kwamba seli zinazopokea mwanga, seli za mlalo na seli za bipola hujibu kwa kupandisha na kushusha volteji polepole, bila mpigo. Mipigo huanza kuonekana kwenye seli za amakrini, na kwenye seli za ganglioni ndiyo lugha yenyewe.

Ukiufikiria umbali, jambo hili halishangazi sana. Mpigo ni njia ya kupeleka habari mbali bila kufifia: ukianza, unajizalisha upya hatua kwa hatua hadi mwisho wa uzi, lakini kwa gharama ya kupoteza undani, kwa kuwa mpigo ama upo ama haupo. Seli ya ganglioni inahitaji njia hiyo, maana uzi wake hutoka nje ya jicho na kusafiri sentimita kadhaa hadi ndani ya ubongo. Seli ya bipola haina haja nayo. Urefu wake wote ni sehemu ndogo ya milimita, na volteji inayobadilika upande mmoja huufikia upande wa pili ikiwa karibu vilevile ilivyokuwa. Kwa kuwa haijafinyangwa kuwa mipigo, volteji hiyo inaweza kubeba tofauti ndogo ndogo za mwanga ambazo zingepotea. Kwa hiyo, Mwalimu, jibu fupi la swali lako la pili ni kwamba hadi kufikia seli za ganglioni, habari husafiri kama volteji yenye viwango, na kiwango hicho hugeuzwa kuwa kiwango cha kemikali, kisha tena kuwa volteji katika seli inayofuata.

Sinapsi ya kawaida, inayosubiri mpigo, isingeweza kazi hii. Kwenye ncha za fimbo na koni, na vilevile kwenye ncha za seli za bipola, kuna kiungo chembamba kama bapa la protini, ambacho watafiti walikiita utepe, na pembeni mwake vimejipanga vifuko vya glutamati vikisubiri zamu ya kusogea kwenye utando na kumwaga. Utepe huo hufanya umwagaji uweze kuendelea kwa muda mrefu bila kuishiwa, na ubadilike mara moja kalisi inapopungua au kuongezeka. Fimbo kwa kawaida ina utepe mmoja tu katika ncha yake. Koni huwa na 20 hadi 50, na chini ya kila utepe hukutana nyuzi za seli za mlalo na za bipola.

Hapa ndipo ilipo sehemu ninayoomba uitumie muda mwingi zaidi darasani. Koni moja humwaga kemikali ya aina moja, glutamati, kwa seli zote zinazoisikiliza. Ila seli za bipola zinazoisikiliza ni za makundi mawili, na kila kundi lina kipokezi chake. Kundi la kwanza, linaloitwa la KUZIMA, lina vipokezi vya glutamati vya aina inayopatikana kwa wingi katika ubongo, ambavyo vyenyewe ni milango ya ioni: glutamati ikishika, mlango unafunguka na volteji inapanda. Seli hizi husisimka gizani na kutulia kwenye mwanga. Hufuata koni bila kugeuza chochote. Kundi la pili, la KUWASHA, lina kipokezi kiitwacho mGluR6, ambacho si mlango bali huamrisha mlango ulio mbali kidogo. Glutamati ikikishika, kipokezi hiki huanzisha mlolongo wa protini ndani ya seli unaoishia kuufunga mlango uitwao TRPM1. Angalia kinachotokea: gizani glutamati ni nyingi, mlango wa TRPM1 umefungwa, na seli imetulia. Mwanga ukiingia, koni inapunguza glutamati, kipokezi kinaachia, mlango unafunguka, ioni chanya zinaingia, na volteji ya seli ya bipola inapanda. Upungufu uliokuwa unawatatiza wanafunzi wako umegeuzwa kuwa msisimko katika sinapsi moja tu, ya kwanza kabisa, na kutoka hapo seli za bipola za KUWASHA huzimwagia glutamati seli zao za ganglioni kwa namna ambayo kitabu chochote kingeitabiri.

Kwa hiyo hakuna "ishara ya mwanga" moja inayosafiri kwenda ubongoni. Zinasafiri mbili kwa pamoja, moja ikieleza pale mwanga ulipoongezeka na nyingine pale ulipopungua, na zote zimetokana na kemikali ileile iliyomwagwa na koni ileile. Hartline alikuwa ameshaziona athari zake mwaka 1938, alipotenganisha uzi mmoja mmoja wa neva ya macho ya chura na kukuta nyuzi zinazopiga mipigo mwanga ukiwashwa, nyingine ukizimwa, na nyingine wakati wote huo miwili. Hakuweza kujua tofauti hiyo inaanzia wapi. Mwaka 1981 Malcolm Slaughter na Robert Miller walionyesha kwamba kemikali iitwayo APB, ambayo hujifanya glutamati mbele ya kipokezi cha kundi la pili pekee, huinyamazisha njia ya KUWASHA na kuiacha ya KUZIMA ikifanya kazi. Mwaka 1986 Peter Schiller na wenzake waliidunga APB ndani ya macho ya nyani aina ya rhesus waliokwisha kufundishwa kuonyesha doa lilipo kwenye skrini. Nyani hao waliendelea kuyaona madoa meusi kuliko mandhari yake, lakini madoa yaliyong'aa kuliko mandhari yake waliyakosa kwa kiasi kikubwa. Ukipata nafasi ya kueleza jaribio moja tu darasani, eleza hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba kuona weusi ni kazi yenye njia yake mahususi, wala si kukosa kuona weupe.

Ushahidi kwa binadamu upo kliniki. Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya mGluR6, ya TRPM1, au ya protini nyingine inayosaidia kuviweka mahali pake. Watu hawa hawaoni vizuri usiku tangu utotoni, wala hali haiendelei kuwa mbaya kadiri ya umri, na mchana wengi huona kwa kiasi cha kuridhisha, japo mara nyingi wana tatizo la kutoona mbali. Sababu ya usiku kuathirika zaidi ni kwamba fimbo hupeleka habari zake hasa kupitia aina moja ya seli ya bipola, na aina hiyo ni ya KUWASHA. Daktari akipima umeme wa retina yao kwa elektroretinogramu, hukuta wimbi la kwanza, linalotokana na seli zinazopokea mwanga, liko sawa, lakini wimbi la pili, linalotokana na seli za bipola za KUWASHA, halipo au ni dogo mno. Yaani mwanga umepokelewa, glutamati imepungua, na hakuna aliyelisikia punguzo hilo. Hitilafu ya TRPM1 ndiyo pia inayowafanya farasi wenye madoa wa aina ya Appaloosa, wakirithi jeni ya madoa kutoka kwa wazazi wote wawili, wasione usiku.

Naomba wanafunzi wasiuchanganye ugonjwa huo na upofu wa usiku unaofahamika zaidi kwetu, ule wa upungufu wa vitamini A, ambao ndio mojawapo ya sababu za watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 Tanzania na Kenya kupewa matone ya vitamini hiyo kila miezi sita. Huko kinachokosekana ni retinali ya kutengenezea rodopsini, hivyo kasoro iko mwanzoni kabisa, kabla ya sinapsi, na wimbi la kwanza lenyewe hupungua. Dalili inafanana, mahali palipoharibika ni tofauti, na tiba ya mmoja haimsaidii mwingine.

Bado sijazitaja kwa kina seli zinazoisambaza habari kwa upande. Seli za mlalo hupokea glutamati kutoka koni nyingi zilizo jirani, hukadiria wastani wake, na kuurudisha kwa koni hizohizo kwa namna inayopunguza sauti ya kila moja. Koni iliyo katikati ya eneo lenye mwanga uleule hupunguzwa. Koni iliyo kwenye mpaka kati ya eneo jeupe na jeusi hujitokeza zaidi. Stephen Kuffler aliyaona matokeo yake mwaka 1953 katika seli za ganglioni za paka: doa la mwanga likianguka katikati ya eneo ambalo seli inalitazama, seli husisimka, na mwanga ukianguka pembezoni mwa eneo hilo, hunyamazishwa, au kinyume chake kwa seli za kundi la pili. Jinsi hasa seli ya mlalo inavyoipa koni jibu hilo bado inajadiliwa. Wapo wanaosisitiza mabadiliko ya asidi katika nafasi nyembamba iliyo baina ya seli, wapo wanaosisitiza mkondo wa umeme unaobadilisha volteji katika nafasi hiyohiyo, na ushahidi wa karibuni unaelekea kukubali kwamba njia ni zaidi ya moja. Kwa upande wa darasa, ningeshauri uwe mwangalifu na ule mchoro maarufu wa miraba meusi yenye madoa ya kijivu kwenye makutano, ambao vitabu vingi huutumia kama uthibitisho wa kazi hii. Mistari yake ikipindishwa kidogo iwe ya mawimbi, madoa hupotea, ingawa weusi na weupe havijabadilika. Kwa hiyo seli za retina pekee haziwezi kuueleza.

Katika tabaka la ndani zimo seli za amakrini, zenye aina nyingi kuliko kundi lingine lolote la seli za retina, na nyingi kati yake humwaga GABA au glisini, kemikali zinazotuliza. Nitataja mbili tu. Ya kwanza huitwa AII, na ni daraja la usiku. Seli ya bipola ya fimbo haigusani moja kwa moja na seli nyingi za ganglioni. Hupeleka habari yake kwa AII, na AII huigawa mara mbili. Kwa seli za bipola za koni za kundi la KUWASHA huipeleka kwa umeme moja kwa moja, kupitia vijia vya protini vinavyounganisha ndani ya seli moja na ndani ya nyingine, bila kemikali. Kwa zile za KUZIMA humwaga glisini na kuzituliza. Hivyo njia ya fimbo huazima mfumo ulioundwa kwa ajili ya koni, na habari za usiku hupita kwenye nyuzi zilezile za neva zinazotumika mchana. Seli nyingine za amakrini humwaga dopamini kunapokucha, na dopamini hiyo huvilegeza vijia vya umeme baina ya seli za AII, ili mtandao uliokuwa ukikusanya fotoni chache kutoka eneo pana uache kuzitia ukungu picha za mchana.

Aina ya pili ni ile yenye matawi yaliyosambaa kama nyota. Mwaka 1965 Horace Barlow na William Levick walionyesha kwamba retina ya sungura ina seli za ganglioni zinazopiga mipigo kitu kikisogea upande fulani na kunyamaza kikisogea upande wa kinyume. Sasa inajulikana kwamba kazi kubwa ya kuutambua mwelekeo hufanyika katika kila tawi la seli hizi za nyota, ambalo hujibu kwa nguvu zaidi kitu kikisogea kutoka katikati ya seli kwenda ncha ya tawi, na kwamba matawi hayo huichagua seli ya ganglioni ya kuituliza kwa GABA kulingana na upande yanakoelekea. Hesabu ya mwelekeo, ambayo mtu angedhani ni kazi ya ubongo, imekwisha kufanyika kabla habari haijatoka ndani ya jicho.

Ipo pia seli moja inayovunja kanuni yote niliyoieleza. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walithibitisha kwa panya kwamba seli chache za ganglioni zina protini yake ya kunasa mwanga, melanopsini, na kwamba mwanga huipandisha volteji yake na kuifanya ipige mipigo hata ikitengwa na fimbo na koni. Hizi hupeleka habari ya jumla ya mwangaza kwa ajili ya mboni ya jicho na saa ya mwili. Ukiwa na mwanafunzi anayeng'ang'ania kwamba mwanga lazima usisimue, mpe hizi.

Kuhusu jaribio la kufanya darasani lisilohitaji vifaa, toboa tundu dogo kwa pini kwenye kadi ngumu. Mwanafunzi afumbe jicho moja, aisogeze kadi karibu kabisa na jicho lingine, atazame ukuta mweupe wenye mwanga au anga lililo wazi upande usio na jua, kisha atikise kadi haraka kwa mwendo mdogo, tundu lisitoke mbele ya mboni. Ataona matawi membamba meusi, ambayo ni vivuli vya mishipa ya damu ya retina yake mwenyewe, na katikati pale anapokazia macho ataona eneo dogo lisilo na mshipa hata mmoja. Mishipa hiyo iko mbele ya fimbo na koni wakati wote, na kivuli chake kipo wakati wote. Lakini kivuli kisichosogea hakileti mabadiliko ya glutamati, na seli za mbele huacha kukijibu. Mwambie asimamishe kadi, na matawi yatafifia ndani ya sekunde chache. Akiitikisa kadi kulia na kushoto ataiona zaidi mishipa iliyosimama wima, na akiitikisa juu na chini ataiona zaidi iliyolala. Asimamie jaribio hilo mtu mzima, na kadi isielekezwe kwenye jua hata mara moja.